Mahari kwa Bei ya Leo

Kibiti, Jumatatu, 8 Machi 2004

Leo mume wangu amechora ukutani. Si mtoto, ana miaka hamsini na minane, na ukuta wenyewe ni wa sebuleni, nilioupaka chokaa kwa mikono yangu baada ya Idi. Amechukua kipande cha mkaa jikoni, akapiga mstari mmoja wa kulala na mwingine wa kusimama, akaweka nukta, kisha akarudi nyuma kuitazama kama mtu anayemtazama mchumba.

"Mia tatu," akasema. "Hapo ndipo tulipoanzia."

Basi nimeamua na mimi niwe na pangu pa kuandika. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja wangu wa cherehani. Kurasa za mbele zina viuno vya watu, za nyuma zitakuwa na mambo ya nyumba hii.

Mume wangu anaitwa Mwinyimvua. Tangu anioe alikuwa mtu wa kivuko cha Ndundu, kwenye mto Rufiji. Yeye ndiye aliyekuwa akishuka kando ya mto alfajiri kutazama maji yamepanda au yameshuka, akaamua leo pantoni inavuka au haivuki, na mabasi ya Lindi na Mtwara yakasubiri kauli yake. Mwaka jana likafunguliwa daraja. Magari yanapita juu bila kumwuliza mtu. Yeye akapewa kiinua mgongo, akaagwa kwa soda na biskuti. Wenzake fedha ile walinunulia bati, wengine walioa mke wa pili. Yeye alisikia redioni kwamba kampuni ya simu ya Mlio inauza hisa kwa wananchi, akapanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Hisa elfu mbili, kila moja shilingi mia tatu. Sasa kila jioni baada ya habari redio inasoma bei za hisa, na sisi sote humu ndani tunatakiwa tunyamaze, mpaka kuku.

Jumanne, 9 Machi

Mia tatu na tano. Amekula sahani mbili za wali na kumsifu paka.

Jumatano, 10 Machi

Mia tatu na tano ile ile. Ameigombeza redio.

Alhamisi, 11 Machi

Mia mbili tisini na sita. Kasema samaki ana chumvi nyingi. Nimemwonja. Hana.

Ijumaa, 12 Machi

Leo binti yetu Tasnim ameletewa posa. Tulikuwa tunaijua, maana kijana mwenyewe, Ridhiwani, ni mwalimu huko Maparoni, ndani ya delta, na kila akija likizo viatu vyake huwa vinapita mbele ya shule ya chekechea anapofundisha Tasnim, hata kama anakwenda upande mwingine. Kijana ana adabu. Baba yake ndiye aliyenitia wasiwasi. Mzee Mwinjuma ni Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani zamani, ana mashamba ya korosho na machungwa, na nyumba yake ya makuti iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na yetu. Hapa mtaani anasifika kwa kutotoa kitu. Nilimwona siku moja anapunguziwa bei ya chumvi akaomba apunguziwe tena.

Alikuja na Sheikh Bwanaheri, ndiye mshenga wake. Baada ya dua na kahawa wakafika kwenye mahari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na Tasnim, tumeshikana mikono.

"Sitaki fedha," akasema mume wangu. "Fedha ukiiweka ndani inalala. Mimi nataka mwanangu apewe hisa elfu moja za Mlio."

Mzee Mwinjuma akauliza, kwa heshima kabisa, "Hizo hisa zinapandwa msimu gani?"

"Hazipandwi. Zinapanda zenyewe."

"Bila mvua?"

"Bila mvua, bila palizi. Leo mia mbili tisini na tisa. Jumatatu huenda mia tatu na kumi."

"Na Jumanne?"

"Jumanne zinaweza kushuka kidogo, halafu zikapanda."

Mzee Mwinjuma akautazama ukuta, nukta zimeshaunganishwa zimekuwa kama mgongo wa kenge. Akafikiri. "Elfu moja, basi. Nitazitoa siku ya kufunga ndoa." Sheikh akasoma Fatiha. Ndoa itafungwa Juni, Ridhiwani akiwa likizo.

Tasnim akaninong'oneza, "Mama, hivi nimeposwa mimi au imeposwa kampuni?"

Jumanne, 16 Machi

Jirani yangu Semeni alikuja kupima gauni, akauona ukuta. "Zabibu, huo ufa umeanza lini? Mwite fundi mapema." Mume wangu hakumsalimia tena.

Jumatatu, 22 Machi

Mzee Mwinjuma kanunua redio. Mtaa mzima umeshangaa. Semeni anasema ameiona kwa macho yake, mpya, na betri zake.

Alhamisi, 25 Machi

Mvua za masika zimeanza. Mia tatu kumi na nane. Sasa nimeelewa kinachoendelea. Mume wangu anataka bei ipande, maana ana hisa elfu mbili zake na elfu moja za mwanawe zinazokuja. Mzee Mwinjuma bado hajanunua, anataka ishuke anunue kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kila jioni nyumba moja ya barabara hii inafurahi na nyingine inaomboleza. Ikipanda, mume wangu anafungua madirisha yote mawili na kuiongeza redio sauti. Ikishuka, Mzee Mwinjuma anatuletea mkungu mdogo wa ndizi, anasema, "Poleni sana, nimesikia." Hajawahi kumpa mtu ndizi maishani mwake.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua kubwa. Mto umejaa, wanasema Utete barabara imekatika. Lakini habari ya leo ni nyingine.

Nyumba yetu ni ya bati. Saa ya bei ilipofika ilikuwa inanyesha mvua ya kupiga ngoma. Mume wangu aliikumbatia redio, akaingiza kichwa na redio chini ya blanketi, akasikia "Mlio, mia mbili…" kisha ngurumo. Akatoka amejaa jasho.

"Mia mbili na ngapi? Umesikia mia mbili na ngapi?"

"Sikusikia hata hiyo mia mbili," nikamwambia.

"Inaweza kuwa mia mbili tisini na tisa. Inaweza kuwa mia mbili na moja!"

Alizunguka sebuleni mara kadhaa, akishika mkaa hana pa kuuweka. Mwisho akasimama mlangoni akitazama ng'ambo. Nyumba ya Mwinjuma ni ya makuti. Makuti hayapigi kelele. Akajifunika sinia kichwani, akavuka barabara kwenye tope, na mimi nikamfuata na mwavuli, maana sikutaka kukosa.

Mzee Mwinjuma alikuwa barazani amekunja mguu, redio pajani.

"Karibu, mkwe. Kaa."

"Sikai. Imekuwa ngapi?"

"Kaa kwanza unywe kahawa. Mtu hapewi habari amesimama."

Akanywa kahawa. Akaulizwa hali ya nyumbani. Akaulizwa hali ya mgongo wake. Akaulizwa kama yule jogoo wetu mwekundu yupo. Akaletewa kikombe cha pili. Mvua ikapungua na Mwinjuma akaanza kueleza jinsi panya wanavyoharibu makuti. Mume wangu alikuwa ameushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Mia mbili na tisini," akasema Mwinjuma hatimaye, kwa upole. "Pole sana, mkwe."

Mume wangu alirudi nyumbani ameacha sinia. Nadhani hata sasa linakinga maji ya mvua kwa Mwinjuma.

Jumatano, 14 Aprili

Mia mbili arobaini. Mume wangu kalala mchana.

Alhamisi, 15 Aprili

Mia mbili thelathini na moja. Ndizi.

Ijumaa, 16 Aprili

Mia mbili ishirini na moja. Ndizi. Tunakula ndizi asubuhi na jioni.

Jumanne, 20 Aprili

Mia mbili na nane. Mstari ukutani umeshuka mpaka nyuma ya kabati, imebidi tulisogeze. Nilimwuliza kwa nini inashuka. Anasema Ijumaa watu walisikia mkubwa wa kampuni ni mgonjwa, wakauza. Jana wakasikia amepona, wakauza pia, kwa sababu waliogopa waliouza Ijumaa wanajua jambo. "Sasa leo?" "Leo hawakusikia chochote, ndiyo wameogopa zaidi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini akiutazama ukuta, kisha akasema, "Zabibu, mto ukipanda nilikuwa najua kwa nini. Mvua imenyesha Ulanga, siku kadhaa baadaye maji yanafika Ndundu. Nikisema msivuke, hawavuki, na jioni wananishukuru. Hiki sikijui kinatoka wapi." Sikuwa nimewahi kumsikia akiisema kazi yake tangu waliposimamisha pantoni. Nikamtia chai, nikakaa naye.

Ng'ambo, Ridhiwani yupo kwa siku mbili, kaja kuchukua chaki na vitabu. Nimemsikia anamwambia baba yake, "Baba, nunua sasa. Mia mbili na nane, utapata wapi pungufu ya hapo?" Na Mzee Mwinjuma: "Nangoja mia mbili kamili. Nane mara elfu moja unaijua ni shilingi ngapi, mwalimu?"

Jumanne, 27 Aprili

Mia mbili thelathini na sita. Mzee Mwinjuma anasema itarudi chini.

Jumapili, 2 Mei

Maulidi. Tumekula pilau msikitini. Sheikh Bwanaheri alipokuwa anaomba dua ya heri kwa waumini wote, nilimwona mume wangu anaomba kwa nguvu upande mmoja na Mwinjuma kwa nguvu upande mwingine. Sijui malaika wanafanyaje.

Jumanne, 4 Mei

Mia mbili na tisini. Madirisha yamefunguliwa.

Ijumaa, 7 Mei

Mia tatu hamsini na mbili! Redio imesema kuna uvumi kwamba kampuni kubwa ya nje inataka kuinunua Mlio. Mume wangu kapiga mstari wa kupanda mrefu hata akapanda kigoda. Nikamwambia, "Baba Tasnim, uza. Uza nusu tu. Tupate bati la jikoni." Akaniangalia kama niliyemwambia amwuze Tasnim. "Mtu hauzi kitu kinachopanda." Nikamkumbusha kuwa kilipokuwa kinashuka alisema mtu hauzi kitu kinachoshuka. Akasema sielewi biashara.

Jumatatu, 10 Mei

Mzee Mwinjuma kapanda basi la kwanza kwenda Dar es Salaam. Alingoja mia mbili, sasa anaogopa isije kufika mia tano kabla ya Juni. Karudi jioni na mfuko wa plastiki kama wa mume wangu. Kanunua elfu moja kwa mia tatu hamsini na mbili, na fedha yote ya korosho imekwenda. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Halafu nikakumbuka ndizi.

Alhamisi, 13 Mei

Mia tatu sabini na moja. Leo imetokea ajabu. Ilipotangazwa, madirisha yalifunguliwa pande zote mbili za barabara. Mzee Mwinjuma alitoka barazani akapunga mkono. Mume wangu akapunga. Wamekutana katikati ya lami wakapongezana, lori la mbao likawapigia honi mpaka likasimama.

Nilifurahi. Nilidhani sasa mambo yamekwisha, wote wanataka kitu kimoja.

Ijumaa, 14 Mei

Nimeandika upuuzi jana.

Leo baada ya swala, mume wangu alikwenda ng'ambo kwa wema tu, kumshauri Mwinjuma namna ya kuandikisha hisa kwa jina la Tasnim, maana inachukua muda. Mwinjuma akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkwe, nimefikiri. Hizi hisa sizitoi."

"Huzitoi vipi? Ni mahari!"

"Nitakupa thamani yake. Siku ya posa ulitamka mwenyewe, mia mbili tisini na tisa. Mara elfu moja. Nauza machungwa, nakupa taslimu."

"Jana imefika mia tatu sabini na moja!"

"Basi unaona kwa nini sizitoi."

Sauti zao zilifika sokoni. Mume wangu kasema Mmatumbi ni Mmatumbi. Mwinjuma kasema mtu wa pantoni kazoea kula nauli za watu bila kulima. Mume wangu akavua kofia, akaivaa tena, akasema posa imevunjika, na binti yake hatakanyaga nyumba ya makuti. Mwinjuma akasema mwanawe ana mabinti wa shangazi zake milimani, wote wanajua kulima, na hakuna hata mmoja anayeuzwa kwa bei ya redio.

Tasnim alikuwa anaanua nguo uani. Aliyasikia yote. Alizikunja nguo moja moja, akaziweka kitandani, akafunga mlango. Hakulia kwa sauti, na mimi nilitamani alie kwa sauti.

Jumamosi, 15 Mei

Nyumba haina maneno. Redio Jumamosi haisomi bei, na wala hakuna aliyeiwasha.

Jumatatu, 17 Mei

Nimekwenda kwa Mwinjuma peke yangu. Nilijifunga kanga mbili, nimejiandaa kugomba. Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya kumtia aibu mpaka majirani wasikie.

Nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Sikuwa najua kwamba anajipikia mwenyewe. Mkewe alifariki Ridhiwani akiwa hajaota meno yote, na huyu mzee hakuoa tena. Nyumba safi, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, na juu ya kabati kuna picha ya Ridhiwani siku ya kumaliza chuo cha ualimu, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi. Nikajikuta nimesahau nilivyopanga kuanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Tasnim. Najua ulilokuja nalo. Sema tu."

"Kwa nini, mzee? Si ulikubali mbele ya sheikh?"

Akaweka ungo chini. "Mwanangu, nimelima korosho tangu nina nguvu. Kila mwaka nabeba gunia nakwenda kwa mnunuzi, na yeye ndiye anaisema bei. Akisema hii, ni hii. Mwaka mwingine alisema bei nikalia njiani nikirudi, mtu mzima. Sasa hii karatasi ndiyo kitu changu cha kwanza kinachopanda na mimi nimekaa. Sijamwomba mtu. Nikiamka nakuta imepanda." Akaokota punje ya mchele iliyoanguka. "Nimeipenda, mama. Nimeona aibu kumwambia mumeo kwamba nimeipenda tu."

Miaka yote hii nimekuwa nikisema ni bahili. Nilimsaidia kuchagua mchele. Sikumgombeza. Nilipotoka nilimwambia jambo moja tu, kwamba karatasi ile haitamletea maji ya kunawa akiugua, na binti yangu angemletea. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Alhamisi, 20 Mei

Hii nitaiandika yote.

Tasnim alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Sheikh Bwanaheri. Hakuniambia, hakumwambia baba yake. Alasiri sheikh kaja kwetu na kumwita Mzee Mwinjuma, na Ridhiwani naye, aliyekuwa ametumiwa mtu, alikuwa amefika kwa mashua mpaka Nyamisati na pikipiki mpaka hapa, suruali yote tope. Tukakaa sebuleni, wazee wawili wakipeana mgongo kadiri mkeka ulivyoruhusu.

Sheikh akauliza, "Mwinyimvua, mahari ni haki ya nani?"

"Ya mwanamke, sheikh."

"Mwinjuma?"

"Ya mwanamke."

"Vizuri. Na tangu Machi mpaka leo, mwanamke mwenyewe nani kamwuliza anataka nini?"

Mume wangu akautazama ukuta wake. Mwinjuma akaanza kuichunguza kucha ya dole gumba. Sheikh mwenyewe akakohoa, maana naye alikuwepo siku ile na hakuuliza. Akasema, "Mimi pia nimekosa. Tasnim, mama, njoo hapa."

Tasnim akatoka nyuma ya pazia, akakaa, ushungi umefika kwenye nyusi. Akasema:

"Mimi naenda kukaa Maparoni. Huko kwenda sokoni ni kwa maji, kwenda zahanati ni kwa maji, kuja kumwona mama ni kwa maji. Sitaki nikae ufukweni nikimngoja mume wangu arudi ndipo nitoke. Mahari yangu nataka mtumbwi. Wangu mimi, mzuri, usiovuja."

Ridhiwani akasema, taratibu, "Hata mimi nitakuwa nauomba kwake?"

"Ukiomba vizuri," akasema Tasnim.

Sheikh alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Mwinjuma akageuka, sasa anatutazama. "Mtumbwi? Mtumbwi wa mti gani?"

Hapo mume wangu hakuweza kujizuia. "Wa mwembe, lakini uwe mwembe mnyoofu, usiwe na fundo upande wa chini. Ukiwa na fundo utapasuka mwaka wa pili."

"Ninao mwembe kule shambani Bungu," akasema Mwinjuma. "Mnene. Hauzai tena, nilikuwa nauonea uvivu kuukata."

"Umenyooka?"

"Sijui. Mimi mtu wa milimani, nauona mti tu."

"Huwezi kumchongea mwanangu mtumbwi kwa kuona mti tu!" Mume wangu alikuwa amesimama. "Kesho twende nikautazame."

Wakatoka wanabishana juu ya panga na tezo. Ile posa hakuna aliyetamka kwamba imerudi. Imerudi tu.

Jioni nilisikiliza bei peke yangu. Mia tatu sitini na tisa. Nilipomwambia, mume wangu alisema "Ehe," akaniuliza lile koti lake la kivuko liko wapi.

Jumatano, 26 Mei

Hawapo. Wanalala shambani Bungu na fundi. Nimetumiwa ujumbe niwapelekee sukari.

Jumanne, 1 Juni

Nimekwenda na sukari. Mwembe umelala, umeshaanza kuwa na tumbo. Fundi anachonga, Mwinjuma anakusanya vipande vya mbao kwa kuni, haachi hata kimoja, na mume wangu anapita anapapasa mbavu za mtumbwi kwa viganja. "Hapa punguza. Hapa acha, hapa ndipo maji yatakapopiga." Amekonda, amepata rangi. Hawana redio. Mwinjuma aliniuliza kwa sauti ya chini kama niliisikia. Nilisema umeme wa nyumbani umekatika. Redio yetu ni ya betri, lakini hakulifikiria hilo, na mimi sikutaka kumwambia mbele ya ule mtumbwi kwamba uvumi wa kampuni ya nje ulikuwa uongo, na kwamba Mlio ni mia mbili themanini.

Ijumaa, 4 Juni

Mia mbili hamsini na tano.

Jumatano, 9 Juni

Mia mbili na thelathini. Nimepaka chokaa sebule kwa ajili ya wageni. Nimerudia mara tatu ndipo chokaa ilipofunika michoro yote ya masika ya mume wangu.

Jumamosi, 12 Juni

Mtumbwi umefika Kibiti juu ya lori, umefungwa kwa kamba, wazee wawili wamekaa ndani yake kama abiria. Watu walitoka madukani. Semeni aliuliza mafuriko yanakuja lini. Tasnim aliuzunguka, akaugonga kwa vidole, akainama kutazama chini. Baba yake alimtazama anavyotazama, na mimi nikamwona anajifuta uso kwa mkono wa koti.

Wakiwa wamekaa barazani wamechoka, nikawaambia. Mia mbili ishirini na nne.

Mume wangu alitikisa kichwa. Mwinjuma alihesabu kwa midomo. Yeye alinunua mia tatu hamsini na mbili. Fedha yote ya korosho. Mume wangu alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha kahawa. "Kunywa kwanza, mkwe," akasema. "Mtu hapewi habari hajanywa."

Mwinjuma alimtazama, nikadhani atatukana. Akapokea kikombe, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoangua kicheko na kahawa ikamwagika kwenye kanzu.

Ijumaa, 18 Juni

Ndoa imefungwa baada ya swala ya Ijumaa. Mahari: mtumbwi mmoja, umepokelewa. Pilau ilitosha. Sina nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 3 Julai

Wameondoka leo. Tuliwasindikiza mpaka Nyamisati, mtumbwi juu ya lori. Mashua ya shule ilibeba vitanda na masanduku, lakini Tasnim hakukubali kupanda mashua. Alikaa kwenye mtumbwi wake, nyuma, na kasia, Ridhiwani mbele na mwavuli na kuku wawili. Mume wangu alimpa Tasnim maelezo akiwafuata mpaka maji yakamfika magotini: upepo ukigeuka shika kando ya mikoko, usikate katikati, kwenye mdomo wa mto usiringe. "Nimesikia, baba." "Tumia mkono wa kushoto zaidi." "Nimesikia, baba."

Huko Maparoni simu haishiki. Tutamsikia akija au akitumia mtu.

Nyumba kubwa sana leo.

Jumatano, 7 Julai

Mia mbili na tisa. Hajachora. Amekaa barazani anatazama upande wa delta, ambao kutoka hapa hauonekani.

Alhamisi, 8 Julai

Jioni hii Mzee Mwinjuma alivuka na redio yake, siku hizi wanasikiliza pamoja kuokoa betri. Mimi nilikuwa nashona ndani, mlango wazi.

Mtangazaji akasema Mlio imeshuka vibaya kuliko siku yoyote, mia moja themanini na nane. Kisha akaeleza sababu. Kampuni imetangaza kwamba haitatoa gawio la faida mwaka huu, fedha yote itajenga minara mipya sehemu zisizo na mtandao, na wenye hisa wengi hawakufurahi, wakauza. Akaanza kuzitaja sehemu. Mafia. Kilwa. Na delta ya Rufiji.

"Kasema delta?" akauliza mume wangu.

"Kasema delta," akasema Mwinjuma.

"Delta upande gani? Delta ni kubwa!"

"Nyamaza tusikie!"

Nikaacha cherehani, nikatoka. Mtangazaji alisoma taratibu kama anayetutesa: Salale, Mbwera, Maparoni.

Barabarani basi la kusini likapita. Mume wangu alimgeukia mwenzake, macho yamejaa.

"Imeshuka kwa ajili ya watoto wetu," akasema.

Mwinjuma akaizima redio kuokoa betri. "Basi na ishuke," akasema. "Wanamaliza lini kujenga?"